Vita vya Kaa, Kiongoroni

Kibiti, 24 Julai 2023

Shangazi Kuruthumu,

Shikamoo. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Nimetoka kwenye semina ya siku tatu ya wafanyabiashara wadogo hapa Kibiti, na nakuapia mimi si Yussuf yule tena. Mkufunzi anaitwa Zaidi, kijana wa Dar, kavaa tai kwenye joto lile lote. Katufundisha jinsi majemadari wa kale walivyoshinda vita wakiwa na askari wachache, na jinsi mtu wa duka, au wa kaa kama sisi, anavyoweza kutumia mbinu zile zile leo. Katugawia karatasi yenye mbinu kumi na mbili. Yangu nimeibandika ukutani, juu ya mzani.

Mbinu ya kwanza ni siri. Jemadari hatangazi amri zake sokoni. Sasa fikiria, shangazi: nikikupigia, wewe unapanda kichuguu nyuma ya msikiti ndipo mtandao ushike, unaweka spika kwa sababu husikii vizuri, na Kiongoroni nzima inajua nimegombana na nani. Vita haviendeshwi hivyo. Kuanzia leo ni barua tu, mkononi mwa Nahodha Kheri, ndani ya mfuko wa nailoni.

Vita vyenyewe unavijua. Mnunuzi wetu wa Dar tumempelekea matenga matatu ya kaa wiki mbili mfululizo badala ya sita. Jana kaniita pembeni akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: Ijumaa ya tarehe 18 Agosti asipoona matenga sita ya kaa hai, anahamia kwa wengine. Tukimpoteza huyo, shangazi, hatuna mwingine. Miaka kumi na minne umeijenga kazi hii, tangu marehemu mumeo, Mzee Yassin, akuachie mashua. Mimi ndiyo kwanza mwaka mmoja tangu uniamini na upande wa Kibiti. Sitaki isemwe kwamba ilifia mkononi mwangu.

Kwa hiyo nipelelezee huyo wakala aliyeingia kijijini na kutunyang'anya wavuvi. Ni nani? Anakula wapi, analala saa ngapi, anaogopa nini? Andika kila kitu.

Ni mimi mwanao, na kamanda wako wa Kibiti,
Yussuf


Kiongoroni, 29 Julai 2023

Marahaba, baba yangu ulobeba jina la baba yangu.

Barua hii anaiandika Zuhra wa jirani, na ndiyo ya mwisho kuniandikia, maana Jumatatu anarudi kwa mumewe Ikwiriri. Mimi siwezi. Miwani yangu imeliwa na maji. Niliinama kwenye kizimba cha majini cha kunenepeshea kaa, kumtazama mmoja mwenye gando moja, miwani ikachomoka, chubwi! Mkondo ukaenda nayo. Sasa herufi zote naziona kama sisimizi. Niletee nyingine, namba mbili na nusu, zipo pale stendi kwa yule mzee anayetengeneza saa. Usisahau.

Haya, huyo adui yako. Anaitwa Mwalimu Abdulrazaq. Kafundisha shule Kilwa miaka thelathini, kastaafu, ikaja kampuni ya kusafirisha kaa nje ikampa uwakala. Ana mzani wa betri unaoandika namba kwa taa nyekundu, na wavuvi wanaupenda kwa kuwa haubembelezwi. Katika watu wetu kumi na wawili, watano wamekwisha kuhamia kwake. Wa kwanza alikuwa Maneno. Maneno huyu huyu niliyemuuguza surua! Kila akipita mlangoni kwangu anatazama juu kama anayehesabu kunguru.

Unauliza anakula wapi. Anakula kwangu. Usinitolee macho. Kafiwa na mke, hana mtu, mwenyekiti wa kijiji kaniomba nimpikie, na mgeni hanyimwi wali. Analala mara tu baada ya isha, mapema kama kuku. Anaogopa mamba na pilipili.

Miwani, baba. Mbili na nusu.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Kibiti, 2 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Adui anakula mkononi mwako! Barua yako nimempelekea mkufunzi Zaidi, ambaye bado yuko wilayani kwetu na semina zake, akaisoma mara mbili, akalegeza tai. Anasema majemadari wa kale walitumia wapelelezi miaka na miaka kupata nafasi kama hiyo, na wewe umeipata kwa wali.

Sasa sikiliza. Mbinu ya tano: kata njia ya chakula ya adui. Sisemi afe njaa, sisi ni Waislamu. Zidisha chumvi, punguza kitoweo, pilipili isikosekane. Aone Kiongoroni hapakaliki.

Mbinu ya nane ndiyo yenyewe: kurudi nyuma kwa hila. Jemadari alijifanya kakimbia, adui akamfuata kwa pupa mpaka akaishiwa pumzi, ndipo akageukiwa. Kwa hiyo kuanzia tarehe 7 usinunue kaa hata mmoja. Wavuvi wote wataenda kwake. Atafurahi siku ya kwanza. Lakini yeye ana vizimba? Hana. Vizimba vyote vya majini ni vyako. Kaa wakilundikwa kwenye matenga siku tatu watakatana magando, ataanza kuwakataa, wavuvi watakasirika. Tarehe 16 mwezi unaandama, bamvua linaanza, maji yanakupwa mbali na mikoko yote iko wazi. Hapo unageuka! Kumi na wawili wote wanarudi kwako na Ijumaa tunajaza matenga sita.

Miwani nitatuma. Tumalize kwanza mambo makubwa.

Kamanda Yussuf


Kiongoroni, 6 Agosti 2023

Baba Yussuf,

Marahaba. Barua yako imefika salama na nimesomewa yote. Loo, mwanangu, umenitia machozi. Ahsante kwa kuniuliza kama ninakula vizuri, na kama miguu bado inavimba jioni. Inavimba, lakini si kama mwezi uliopita, nailaza juu ya mto kama ulivyonishauri. Tangu baba yako atutoke hakuna aliyeniuliza habari za miguu yangu. Watu huniuliza bei ya kaa.

Nikuambie jambo moja, na ukae chini kwanza. Zuhra kaondoka. Hapa kijijini siku za kazi wenye macho wako mikokoni, na watoto wasio shuleni wako nao huko huko. Anayekaa kitako na miwani puani ni mmoja tu, Mwalimu Abdulrazaq. Kijiji kizima kinampelekea karatasi zake: za hospitali, za serikali, na hata za mapenzi. Nami nimempelekea ya kwako. Ndiye aliyenisomea, na ndiye anayeandika haya ninayosema.

Usipige kelele. Kwetu msomaji wa barua ni kama mwosha maiti, aliyoyaona anayafunika. Alisoma ile ya chumvi bila kukohoa. Ile ya kurudi nyuma kwa hila aliisoma pole pole, akasema, "Imeandikwa kwa mpangilio mzuri, ila aya hii ingekatwa mara mbili." Kisha akaniuliza kama kuna jibu.

Jibu ni hili. Chumvi sizidishi, chakula changu kina jina. Hilo la kutonunua nitalifanya, kwa sababu wewe ndiye umesoma semina.

Na miwani?

Shangazi yako,
Kuruthumu

(Maelezo ya mwandishi: Kuhusu chumvi nashukuru, maana nina presha. A.)


Kibiti, 9 Agosti 2023

SHANGAZI!

Shikamoo. Adui ndiye karani wa jeshi letu? Nilipofika pale kwenye "ndiye anayeandika haya" chai ilinitoka puani, waulize wapakiaji. Nimemwendea mkufunzi Zaidi, kasema katika vita vyote alivyofundishwa hajapata kusikia kitu hicho.

Barua hii isisomwe na yule mtu. Mtafute mwingine. Mtafute imamu, mtafute Kheri mwenyewe, anajua herufi kubwa. Na wewe Mwalimu, kama ndiye umeishika, ishushe hapa hapa. Nakuomba kama mtu mzima.

Bado unasoma?

Shangazi, hatuwezi kubadilisha mpango, siku zimekwisha. Endelea na kurudi nyuma. Wale wavuvi wako wavivu wataona cha mtema kuni. Nataka kukuambia na jingine, na usinielewe vibaya. Kama Ijumaa ya tarehe 18 tutashindwa, basi. Uza mashua, uje ukae kwangu Kibiti. Umeshazeeka, shangazi. Vita hivi si vyako tena, ni vya sisi vijana tuliosoma mbinu.

Kamanda Yussuf


Kiongoroni, 13 Agosti 2023

Baba yangu Yussuf,

Marahaba. Kheri alifika bamvua halijaanza, lakini watu wote walikuwa wamekwenda msikitini Ruaruke kwa maziko ya mzee mmoja. Nimebaki mimi, kuku, na Mwalimu, ambaye mguu wake umechomwa na mzizi wa mkoko. Akafungua karatasi akasema, "Bibi Kuruthumu, hapa nimekatazwa nisisome." Nikamwambia, "Soma tu, mtoto ana hasira, zitamtoka." Akasema, "Hapa tena nimekatazwa." Nikamwambia, "Mwalimu, unataka nikae na barua ya mwanangu kama kipofu na kioo?" Ndipo akasoma.

Nami nakushukuru kwa yale uliyoandika mwishoni. Nilimwambia arudie mara mbili. Na umenichekesha kukumbuka wali wangu wa nazi na kamba wa siku ya Idi, ulivyokuwa ukilamba sufuria mpaka masizi yakaingia masikioni. Sikujua kama bado unakumbuka.

Vita vinakwendaje? Nimefanya kama ulivyoagiza. Tarehe 7 nikafunga mzani, nikakaa barazani nasuka ukili wa mkeka. Wavuvi wote kumi na wawili wakaenda kwa Mwalimu, na Kiongoroni ikasema Kuruthumu kafilisika. Hilo sikulipenda. Siku ya kwanza matenga yake yalijaa. Siku ya pili yakajaa na uani. Siku ya tatu, baba, nilisikia sauti. Kaa walikuwa wanagongana magando kule ndani, kakaka, kakaka, kama wanawake wanaopasua nazi. Kumbe kampuni yake inachukua wakubwa tu, wale wa kujaza sahani, na wadogo alikuwa anawanunua hivyo hivyo kwa kuwaonea wavuvi haya.

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikaenda kwake. Mengine nitakueleza yakiiva.

Miwani, baba! Namba ni ile ile.

Kuruthumu

(Maelezo ya mwandishi: Aliingia uani kwangu bila hodi. Aliwasalimu kaa, mimi akaniruka. A.)


Kibiti, 19 Agosti 2023

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara tisa, maana ni matenga TISA! Jana saa tatu asubuhi gari limeingia kutoka bandarini Nyamisati, nikahesabu, nikarudia kuhesabu, nikamwita Salwa wa chai naye ahesabu. Tisa! Kaa wazito, wamefungwa vizuri, wanatoa povu kwa hasira, na kila tenga lina karatasi yenye uzito na tarehe kwa mwandiko wa kupendeza. Mnunuzi wa Dar kanishika mkono kwa mikono miwili. Kasema hahami, na kila Ijumaa anataka nane.

Mbinu ya nane imefanya kazi! Nilimwambia Zaidi, ameomba nikatoe ushuhuda kwenye semina ya Ikwiriri. Nitavaa tai.

Sasa niambie, adui amesalimu amri? Amefungasha? Usimwonee huruma. Mbinu ya kumi na moja inasema aliyeshindwa aachiwe mlango mmoja wa kutokea, asije akapigana kwa kukata tamaa. Mpe nafasi kwenye mashua ya Kheri arudi kwao Kilwa kwa heshima, na wali wa njiani.

Halafu, unanishukuru kwa habari za wali wa nazi na kamba. Sikumbuki kuandika hayo. Labda nilikuwa na njaa. Karibu sana.

Jemadari Yussuf, Mshindi wa Kiongoroni


Kiongoroni, 24 Agosti 2023

Kwa Bwana Yussuf, Kibiti.

Assalaam aleikum warahmatullah. Barua hii inakufikia ndani ya leso nyeupe, mkononi mwa Mzee Mfaume, kaka yangu wa Kilwa, aliyepanda mashua siku mbili kwa ajili yake ingawa anatapika hata kwenye maji mafu, bahari imetulia. Ndani ya leso utakuta pete ya fedha ya marehemu mama yangu. Kwa leso na pete umekwisha kuelewa ni barua ya nini, lakini mimi ni mwalimu, sina budi kueleza.

Baba yake Bibi Kuruthumu amefariki, na kaka zake wote wametangulia mbele ya haki. Wewe ni mtoto wa kaka yake, kwa hiyo walii wake, mwenye kumwozesha, ni wewe. Siwezi kumposa kwa mtu mwingine yeyote ila kwa jemadari anayepigana nami.

Naomba nitoe hesabu ya vita kwa ukweli. Mbinu yako ya nane niliijua tangu tarehe 5, nilipoisoma kwa sauti yangu mwenyewe. Nilijua kwamba wavuvi wote watakuja kwangu, kwamba sina vizimba, na kwamba kaa watakatana magando. Nilikuwa na siku mbili za kujikinga. Lakini msomaji akitumia alichokisoma kwenye barua ya mtu, kesho nani atamletea karatasi? Kwa hiyo nilikaa nikaingia mtegoni kwa macho yangu mawili. Tarehe 10 asubuhi Bibi Kuruthumu alikuja. Hakunicheka. Alikunja kanga mpaka magotini, akaanza kuwatoa kaa wadogo mmoja mmoja, akasema, "Mwalimu, hawa wana roho. Wabebe." Tulibeba mpaka adhuhuri. Wadogo tukawaingiza vizimbani mwake wanenepe pamoja na wale aliokuwa nao. Bamvua lilipofika wavuvi walileta kwetu sote, wakubwa wa kampuni kwangu, wengine wote kwake, kwa mzani mmoja. Hivyo ndivyo matenga yako yalivyofika tisa. Lebo nimeandika mimi.

Kwa hiyo sijasalimu amri, wala sijafukuzwa. Naomba amani ya kudumu. Miaka sitini na moja ninayo, presha kidogo, pensheni ndogo, na mzani wa betri. Pilipili ninajifunza.

Nasubiri hukumu yako kwa adabu.

Abdulrazaq


Kibiti, 28 Agosti 2023

Mwalimu Abdulrazaq,

Shikamoo. Waaleikum salaam. Mzee Mfaume kafika, kalala, kaamka, sasa hivi anakula mihogo kwa Salwa.

Nisikufiche, nilikasirika. Nimetembea kutoka stendi mpaka mwisho wa lami na kurudi, pete iko mfukoni. Nimemuuliza mkufunzi. Anasema wafalme wa kale walimaliza vita vingi kwa ndoa, lakini hajapata kusikia adui akimposa jemadari mwenyewe. Nikamwambia, kumbe jemadari hakuwa mimi? Akacheka sana, akanipa kalamu.

Uliona mtego ukauingia. Hilo linanisumbua kuliko yote. Kwenye karatasi ya mbinu kumi na mbili halipo.

Lakini mimi ni walii, si mnadi. Siwezi kukujibu ndiyo wala hapana mpaka nisikie kutoka kwake yeye, na si kwa mkono wako! Mposaji hawezi kuwa karani wa ridhaa ya anayeposwa, hata kama mwandiko wake unapendeza vipi. Kwa hiyo natuma na Kheri kifurushi kidogo. Miwani, namba mbili na nusu. Ilipaswa niitume siku nyingi. Mkabidhi, kisha ukae mbali mpaka amalize kuandika.

Yussuf


Kiongoroni, 2 Septemba 2023

Baba Yussuf,

Marahaba. Mkono huu ni wangu. Unapinda kwa sababu mwaka mzima sijaandika, lakini ni wangu.

Miwani imekaa sawasawa. Kitu cha kwanza nilichotazama ni uso wangu, nikajuta. Cha pili nikafungua kopo la biskuti ninamoweka barua zako, nikapika chai, nikasema leo najisomea mwenyewe yale maneno mazuri ya mwanangu. Nilianza na ile ya tarehe 2 Agosti. Nikasoma mpaka mwisho. Nikaigeuza nyuma. Nikaishika juani. Nikasoma tena.

Yussuf, miguu yangu iko wapi?

Hukuuliza. Umeuliza adui anakula nini, mimi hukuniuliza kama nimekula. Hakuna mto wa kulaza miguu. Hakuna wali wa nazi na kamba wa Idi. Kuna chumvi, na bamvua, na "miwani nitatuma". Na pale ulipoandika kwamba nimezeeka, niuze mashua, vita si vyangu, unajua nilisomewa nini? "Shangazi, tukishinda tukishindwa, mimi najua wewe hujapata kushindwa na kitu." Hayo ndiyo nilimwambia arudie mara mbili. Nililia, baba. Nililia mbele ya mwanamume mgeni kwa maneno ambayo hukuyaandika.

Nikachukua karatasi zote nikaenda kwake. Alikuwa anapima kaa. Nikamwambia, "Mwalimu, umenisomea uongo." Akazima mzani. Akasema, "Nilianza kusoma, Bibi Kuruthumu, nikaona baada ya shikamoo inakuja vita moja kwa moja. Na wewe umekaa unasubiri, umejifunga na kanga nzuri kwa ajili ya barua. Nikaona haya." Nikamwuliza habari ya Idi kaitoa wapi. Akasema kaitoa kwangu mwenyewe, kila siku nikimpakulia nasimulia ulivyokuwa ukilamba sufuria. Nikamwuliza, na miguu? Akasema, "Miguu niliiona."

Nilimnunia siku mbili. Nilimpa wali na chumvi nyingi, mbinu yako ya tano. Akala wote, akaosha sahani.

Sasa jibu unalolitaka. Mwali akiposwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ni ridhaa. Mimi si mwali, nina miaka hamsini na sita na vizimba tisa, kwa hiyo nasema kwa kinywa na kwa wino: ndiyo. Si kwa sababu ya mzani wake. Maneno na wenzake wamekwisha kurudi wote, kazi imesimama, ningeweza kukaa peke yangu kama nilivyokaa. Nasema ndiyo kwa sababu nataka kuulizwa miguu na yule anayeiuliza kweli.

Mahari nataka kaseti, sijui siku hizi mnaitaje, ya kusikilizia Qur'ani, yenye betri. Na wewe uje usimamie. Sikuchukii. Ulipigana vizuri kwa ajili yangu, tena ulipigana sana. Ila ulisahau kuniangalia kama nipo.

Shangazi yako,
Kuruthumu binti Yussuf


Kibiti, 5 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo.

Umekula? Umekula nini? Miguu inavimba bado jioni, au imepungua? Unaipumzisha? Miwani inakubana masikioni? Kama inabana mzee wa saa anasema atailegeza.

Wali wa Idi naukumbuka. Wallahi naukumbuka. Niliona haya kuandika kitu kama hicho kwenye barua ya kazi. Masizi yaliingia sikio la kushoto, ukanitoa kwa ncha ya kanga huku unanitukana.

Karatasi ya mbinu nimeibandua ukutani. Hapakubaki kitu ila alama nne za gundi, basi nimeweka kalenda.

Naja na Kheri Alhamisi ya wiki ijayo kusimamia ndoa, nimebeba redio ya Qur'ani, pete, na Mzee Mfaume kama atakubali kupanda tena. Mwambie Mwalimu nimeridhia. Mwambie pia safari hii, ukimpa asome, asiongeze neno. Nimejitahidi kuandika yote.

Mwanao,
Yussuf